Hildegarda na Vikorokoro Vyake

Mwaka ule mto Mkondoa ulifurika ukala tuta la reli mbele ya Kidete, na treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ikakwama stesheni tangu asubuhi. Abiria walinuna. Wanawake waliokuwa wakiuza chakula kando ya mabehewa walimshukuru Mungu kimyakimya, maana hata kabla ya adhuhuri mabeseni yao yalikuwa matupu. Hildegarda, binti wa marehemu Lukasi aliyekuwa kibarua wa genge la reli, aligeuza beseni lake kichwa chini, akalikalia, akaanza kula hindi la kuchoma alilojibakizia.

Kwenye dirisha la daraja la pili kulikuwa na mtoto wa kike wa mjini aliyekuwa akimtazama anavyotafuna.

"Mama, naomba kununua hindi."

"Yamekwisha, mwanangu. Hili nimeshaling'ata."

"Upande wa pili hujang'ata."

Hildegarda akacheka. Akalivunja, akampa nusu isiyoguswa, na alipokataa kulipwa, mtoto akachomoa kitu mkobani akamnyooshea. Ilikuwa pete ya plastiki ya kijani yenye jiwe jekundu, kubwa kama zambarau.

"Jiwe linaliwa," mtoto alisema. "Ni pipi. Unaivaa, halafu ukijisikia unailamba."

Hildegarda alikuwa ameshaipita miaka thelathini na mitano na hakuwahi kuvaa pete ya aina yoyote. Akaivaa, akanyoosha vidole mbele ya uso, akalamba, na waliokuwepo wanasema alicheka mpaka akajishika mbavu. Jioni akapita nayo katikati ya kijiji mkono ukiwa mbele kama mtu aliyepakwa hina. Mzee mmoja akamwuliza kama amechumbiwa.

"Nimechumbiwa," akajibu. "Na pipi."

Kijiji kizima kilicheka, na yeye akacheka pamoja nao. Hakuna aliyedhani kwamba huo ndio mwanzo wa jambo.

Kidete walikuwa wamezoea kumwona Hildegarda akibeba: ndoo, kuni, beseni la viazi, na kabla ya hayo yote, mtoto. Mama yake alifariki akimzaa Thadeo. Hildegarda akatolewa shule akiwa darasa la sita, akafungiwa kichanga mgongoni, na baba akarudi relini. Baadaye alipokuwa mwari wa kupendeza, kijana mmoja wa Munisagara aliyeitwa Filipo alileta posa. Filipo alikuwa mtu mwema na hakuficha neno.

"Nakuoa wewe," alimwambia. "Mtoto apelekwe kwa bibi yake."

"Bibi yupi? Yule asiyeona?"

Posa ikafia pale pale. Kisha baba naye akafa, ikabaki dada na mdogo wake na nyumba ya miti iliyoinamia upande mmoja. Hildegarda akaanza kuwauzia abiria vitumbua na viazi vya kuchemsha. Kwa vitumbua hivyo Thadeo alivaa kaptula ya shule, kwa vitumbua hivyo akaenda sekondari.

Ilikuwa miaka ya foleni. Duka la kijiji lilikuwa na rafu tupu na mwenye duka anayesinzia. Nguo ikifika, ilifika aina moja, rangi moja, na Kidete nzima ikavaa ile ile kama kwaya. Hildegarda alipata kipande kimoja cha khaki akamshonea Thadeo, yeye akabaki na gauni lenye viraka juu ya viraka. Lakini hata wakati huo alikuwa na jambo lake. Masikioni alining'iniza vifuniko vya soda alivyovipondaponda kwa jiwe mpaka vikawa bapa. Shingoni alivaa mbegu alizozitunga mwenyewe. Watu walimwona wakasema ni ujana, utapita.

Ujana ukapita kweli. Mapenzi yale hayakupita.

Thadeo alimaliza kidato cha nne, akasomea utunzaji wa hesabu Morogoro, akapata kazi Kilosa mjini kwa Bwana Masunga, mfanyabiashara kutoka Kanda ya Ziwa aliyekuwa na malori. Hapo Hildegarda akajikuta, kwa mara ya kwanza tangu utoto, hana mtu wa kumlipia ada. Na ikatokea kwamba ni miaka ile ile nchi ilikuwa imefungua milango. Kila kitu kilikuwa ruksa. Mitumba, iliyokuwa ikivaliwa kwa kujificha, sasa ilimwagwa juu ya turubai hadharani, Kilosa, Kimamba na kwenye mnada wa ng'ombe, na watu waliiita kafa Ulaya. "Siyo kijiji chetu hiki cha Ulaya, njia ya Mikumi," wachuuzi walitania, "ni ile ya wazungu. Kule wamekufa, huku tunapendeza."

Hildegarda alikuwa akiinama kwenye rundo la mitumba kama mtu anayeokota uyoga, bila haraka, kwa macho. Wanawake wengine walitafuta sketi za kudumu na masweta ya watoto. Yeye aliinuka na gauni la njano lililochorwa matikiti maji. Akaokota mkoba wa kijani wenye sura ya chura, mdomo wa chura ndio zipu. Akapata mkanda wenye bizimu la kipepeo, kofia ya majani yenye cheri za plastiki, miwani ya jua yenye vioo vya umbo la kopa. Kwa wachuuzi wa kutembeza alinunua vibanio vya nywele vya rangi zote, na kwa abiria wa treni akabadilishana viazi na pipi. Alipenda pipi za ajabu: pipi inayopigwa kama filimbi kabla ya kuliwa, unga mchachu unaochemka juu ya ulimi, jojo yenye picha ya kubandika mkononi, na ile inayoufanya ulimi uwe wa buluu. Siku aliyoila hiyo ya buluu alimwendea mwenyekiti wa kijiji kumsalimia, akazungumza naye habari za maji ya bomba kwa heshima zote, na mwenyekiti hakusikia hata neno moja, macho yalikuwa mdomoni.

Wakampa jina: Mama Vikorokoro. Watoto walilitaja kwa upendo, watu wazima kwa namna nyingine. Alipokwenda kanisani na mkoba wa chura, wanawake wa jumuiya walimwambia baada ya misa kwamba nyumba ya Mungu haina mzaha. Akawauliza kama chura hakuumbwa na Mungu. Hawakupenda.

Mtu mmoja tu hakumcheka. Huyo alikuwa Namunyak, mwanamke wa Kimaasai wa rika lake aliyeleta maziwa stesheni kwa vibuyu. Siku ya kwanza alipomwona Hildegarda na kofia ya cheri, alimzunguka taratibu, akagusa cheri moja moja.

"Hii inamaanisha nini?" Namunyak aliuliza.

"Haimaanishi kitu. Nzuri tu."

"Hapana, lazima inamaanisha. Kwetu mwanamke asiyejipamba, watu wanauliza amefiwa na nani."

"Kwetu akijipamba ndiyo wanauliza anamtaka nani."

Namunyak akacheka, akatikisa kichwa hadi hereni zake ndefu za shanga zikagongana. Tangu hapo wakawa marafiki. Maziwa yakiisha na vitumbua vikiisha walikaa kivulini mwa ghala la reli wakitazamana mapambo. Namunyak alimfungia Hildegarda ukosi wa shanga. Hildegarda akampachikia kibanio cha kipepeo kwenye mkufu, na kipepeo kile kikaenda mbugani kikachungwa pamoja na ng'ombe. Walimung'unya unga mchachu mpaka machozi yakawatoka. Miaka ile, Hildegarda alikuja kusema, ndiyo pekee aliyoishi kwa ajili yake mwenyewe.

Halafu Thadeo akachumbia.

Binti aliitwa Lea. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni Mikumi, kando ya barabara kuu yanakosimama mabasi ya Iringa na Mbeya. Thadeo alikuja Kidete mwenyewe kuileta habari, amevaa suruali yenye mikunjo minne na viatu vinavyong'aa. Alimkuta dada yake uani akitwanga, na miwani yake ya kopa usoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Tade wangu! Sema, sema, uso wako una neno."

Akasema. Hildegarda akaruka, akapiga kigelegele peke yake uani, kuku wakakimbia. Thadeo akangoja amalize.

"Dada, vua kwanza hiyo miwani tuzungumze."

Akaivua. Thadeo akafungua mfuko, akatoa gauni la kahawia, refu, lenye kola iliyofungwa hadi kooni, jipya la dukani. Akaliweka mapajani mwa dada yake.

"Utavaa hili siku ya harusi. Na usije na vile vitu vyako."

"Vitu gani?"

"Unavijua. Vibanio, sijui chura, sijui nini. Wakwe zangu ni watu wa mjini, dada."

"Kama ni wa mjini si wameshaviona?"

"Wameviona kwa watoto." Alitazama chini. "Watasema nina dada ambaye hajatulia."

Hildegarda alilishika gauni lile, akapitisha kidole kwenye kola.

"Hajatulia," alirudia. "Mimi nilitulia tangu siku unazaliwa, Thadeo. Nilitulia mpaka nikaota kutu."

"Dada, nakuomba. Siku moja tu."

Akamtazama mdogo wake aliyekuwa akitoka jasho puani kama alipokuwa mtoto mwenye homa, na moyo ukamlegea, kama ulivyomlegea siku zote.

"Basi," akasema. "Nitavaa. Harusi ni yako."

Lakini zawadi aliiandaa kwa namna yake. Alichukua kopo la bati la biskuti lenye picha ya maua, akachagua kati ya vitu vyake vyote vile ambavyo alivipenda kupita kiasi: glavu nyeupe za lesi alizozifukunyua chini kabisa ya rundo kule Kimamba, kitana chenye lulu za bandia, vibanio vya vipepeo ambavyo mabawa yao yalitikisika, kichupa cha manukato chenye umbo la ndege. Namunyak akaongeza mkufu wa shanga nyeupe alioutunga kwa ajili hiyo. "Mwambie bibi harusi ni kutoka kwa mama zake wawili," alisema.

Hildegarda alipanda treni hadi Kilosa, akalala kwa mtu wa jumuiya, asubuhi akapata lori la mkaa lililokwenda Mikumi kwa njia ya Ulaya. Gauni la kahawia alilikunja ndani ya khanga lisichafuke, akalivaa nyuma ya kichaka lori lilipokaribia mji. Alifika na kopo lake kwapani. Mlangoni pa ukumbi alisimama mwanamke wa kamati aliyejifunga utepe begani.

"Karibu. Wewe ni wa upande gani?"

"Wa bwana harusi. Natoka Kidete."

"Ahaa, wa Kidete! Tumeambiwa. Pitia nyuma, mama, jikoni ndiko kuna wenzako."

Hildegarda alidhani amefananishwa na mwingine, kwa sababu siku ya shughuli watu hukosea. Akapita nyuma. Jikoni kulikuwa na masufuria ya pilau na moshi, na wanawake hawakumwuliza chochote, walimpa kisu na kitunguu saumu. Akamenya. Kumenya hakukumshusha cheo. Kwao hata dada wa bwana harusi hushika kisu. Baada ya kitambo Thadeo mwenyewe alichungulia mlangoni, amevaa suti nyeusi, ua kifuani, na Hildegarda akainuka mikono ikinuka saumu.

"Umefika, dada. Safari salama?"

"Salama. Hebu nikuone, geuka. Laiti mama angekuona!"

Thadeo hakugeuka. Alitazama nyuma yake, ukumbini.

"Subiri hapa hapa. Nitakuja kukuchukua."

Akasubiri. Pilau likaiva, likapakuliwa, likapelekwa. Aliosha uso, akanyoosha gauni, akasubiri. Kutoka jikoni walikuwa wakisikia kipaza sauti, na kila kitu kilipotajwa wanawake walishangilia papo hapo kama nao wapo ndani. Kisha mshereheshaji akasema:

"Ndugu wageni, kama mnavyofahamu, mama mzazi wa bwana harusi alitangulia mbele ya haki siku ile ile alipomzaa. Sasa tunaomba asimame yule aliyempokea, akamlea, akamsomesha, akamfanya kuwa mtu tunayemwona hapa leo. Mama mlezi, asimame!"

Hildegarda akaweka kisu chini. Akafuta mikono haraka, akapita kwenye ujia, akafika kwenye mlango wa ukumbi akijisemea kwamba kumbe ndiyo sababu Thadeo alimwambia asubiri. Mbele, meza ya heshima, alikuwa ameshasimama mwanamke mnene wa vitenge vya thamani. Alikuwa Jenipher, mke wa Bwana Masunga, tajiri wake Thadeo. Alikuwa akipunga mkono pande zote. Vigelegele vilijaa ukumbi. Thadeo alikuwa amesimama kando yake, na alipiga makofi pamoja na wengine.

Hildegarda alibaki pale mlangoni. Aliyekuwa amebeba sinia la soda akamwambia, "Pisha, mama," naye akapisha.

Ilipofika zamu ya zawadi, watu walipanga mstari wakienda mbele kwa kucheza. Hildegarda alikwenda kulichukua kopo lake akajiunga. Hakuna aliyemzuia. Na kadiri alivyosogea ndivyo alivyozidi kumwona bibi harusi, na hilo, alivyosimulia baadaye, lilimchoma kuliko yote. Lea alikuwa amebana nywele kwa vipepeo. Wasimamizi wake walivaa miwani ya rangi ya waridi yenye umbo la kopa, wakatembea katikati ya meza wakigawa vifuko vya wavu vilivyojaa pipi za kila namna, na wageni, watu wazima wenye mvi, walizifungua wakicheka na kuulizana yako ina ladha gani. "Binti anajua kupendeza," mama mmoja alisema mbele ya Hildegarda. "Mambo ya kisasa hayo."

Akafika. Akamwangalia Thadeo machoni. Akanyoosha kopo.

"Asante sana, mama," Thadeo alisema. "Mungu akubariki."

"Asante, mama," Lea naye akafuatisha, akitabasamu vizuri tu kwa mtu asiyemjua.

Thadeo alipokuwa mdogo, alipojifunza kusema, alimwita Hildegarda "mama". Lilikuwa neno lake la kwanza. Hildegarda, msichana aliyetolewa darasa la sita na aliyeogopa kumnyang'anya marehemu mama yao jina hilo, alimpiga kofi dogo mdomoni na kumfundisha kusema "dada", akamfundisha mpaka akashika. Miaka yote hiyo hakumwita vingine. Sasa alikuwa amemwita mama, kama anavyoitwa muuza ndizi.

Alitoka kwa mlango wa mbele. Jua lilikuwa bado kali. Basi la Mbeya lilikuwa limesimama na wachuuzi wakilizunguka na karanga na mayai, naye akapita katikati yao hadi mwisho wa mji, njia ya kurudi Kilosa, akakaa juu ya kalvati na gauni lake la kahawia mpaka lori likapita.

Kule Kidete watu walimwuliza harusi ilikuwaje. Akasema ilifana. Namunyak peke yake ndiye aliyeambiwa ukweli. Alisikiliza hadi mwisho, akatema mate pembeni, akasema kwa Kimaasai neno ambalo hakutaka kulitafsiri.

Thadeo hakuja mwaka ule. Wala hakutuma neno. Hildegarda akaendelea na vitumbua vyake. Gauni la kahawia alilikata akalifanya madekio. Alirudi kuvaa matikiti maji na kofia ya cheri, na mtu asiyejua angedhani hakuna kilichobadilika, ila alipenda kidogo zaidi kukaa peke yake, na pipi alizinunua na kuwagawia watoto kabla hajazionja.

Siku walipokuja ilikuwa kiangazi. Treni ilisimama, Thadeo akashuka akamshika mkono mkewe mjamzito, wakaja hadi uani. Lea alipiga goti moja kwa shida.

"Shikamoo, wifi."

Kwa salamu ile Hildegarda akaelewa kwamba ameambiwa.

"Marahaba. Inuka, usijiumize. Keti."

"Wifi, mimi sikujua," Lea alisema, akalia. "Niliona zile glavu, nikawa namuuliza kila mara, ni nani huyu mwenye macho mazuri namna hii ya kuchagua? Ananiambia ni mama mmoja tu wa Kidete. Mpaka majuzi nilipombana. Nilikuwa naona aibu kuja."

"Aibu si yako," Hildegarda akasema. Akampa maji. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Na wewe, umekuja kusema nini?"

Thadeo alikohoa. Alisema yaliyopita si ndwele. Alisema siku ile mambo yalikuwa mengi, Bwana Masunga ndiye aliyegharamia sehemu kubwa, na mke wake alitaka heshima hiyo, angefanyaje? Alisema yote hayo akiwa anatazama mchi. Kisha akafika alikokuwa anakwenda.

"Mtoto atazaliwa baada ya muda si mrefu. Lea ana kazi, mimi nina kazi. Wasichana wa kulea siku hizi hawaaminiki. Tukasema, nani kama dada? Kwa kulea huna mpinzani. Kuna chumba chako kule Kilosa, kina umeme."

Hildegarda aliuegemeza mchi ukutani. Lea alikuwa akimwangalia kwa macho ya kuomba, mkono juu ya tumbo, na mtu mwingine yeyote angeona jinsi macho ya Hildegarda yalivyoshuka yakatua kwenye tumbo lile yakakaa.

"Nikiwa kule," akauliza polepole, "wageni wakija, mtawaambia mimi ni nani?"

Lea akamtazama mumewe.

"Mambo ya kuitana si ya leo," Thadeo akasema.

"Ni ya leo."

"Dada, usiwe mtoto. Bwana Masunga huwa anakuja nyumbani na watu wake. Itabidi pia hivi vitu uviache huku, hilo nilitaka tuelewane mapema. Mengine yatajipanga yenyewe."

Hildegarda akasimama. Akavua kofia yake ya cheri, akaipangusa vumbi, akaivaa tena.

"Nimeshalea," akasema. "Nililea mmoja, na nilimlea vibaya. Sitaki kumharibu wa pili."

Thadeo alipaza sauti. Alimwambia ana roho mbaya, alimwambia anachagua plastiki mbele ya damu yake. Lea alimshika mkono anyamaze. Hildegarda aliwasindikiza hadi stesheni kama anavyosindikizwa mgeni, akawafungia viazi vya njiani, na treni ilipoondoka hakupunga mkono.

Habari zilienea, na Kidete ilikuwa upande wa Thadeo. Walisema amekataa mtoto wa ndugu yake kwa ajili ya vibanio. Wanawake wa jumuiya walimfuata wawili wawili kumshauri. Hata hayo angeyavumilia, lakini Namunyak naye, alipoelezwa, hakucheka wala hakutema mate.

"Ungemchukua mtoto," alisema.

"Wewe ndiye unasema hivyo? Baada ya waliyonifanyia?"

"Thadeo ni fisi. Mtoto hana kosa. Sisi hatukatai mtoto."

"Basi mngelea nyinyi."

Lilikuwa neno la hasira, na Namunyak akalipokea kama lilivyo, akabeba vibuyu vyake. Walisalimiana siku zilizofuata, maziwa yaliuzwa, vitumbua viliuzwa. Lakini hawakukaa tena kivulini kwa ghala kutazamana mapambo, na hakuna aliyejua ni nani angetakiwa kuanza.

Mtoto alizaliwa wa kike. Habari ililetwa na abiria wa kutoka Kilosa aliyemjua Thadeo. Hildegarda akauliza wamempa jina gani, kisha kabla hajajibiwa akajifanya anatafuta chenji. Lea alikuwa ametaka aitwe Hildegarda, abiria alisema, aling'ang'ania hasa, lakini baba yake mtoto akaamua aitwe Jenipher.

Siku ya mnada iliyofuata alikwenda Kimamba kama kawaida, amevaa gauni lake la njano. Belo jipya lilikuwa limefunguliwa, watu wamejazana, na mchuuzi kijana alikuwa akiimba bei kwa sauti iliyokauka. Hildegarda aliinama. Mikono yake ilipita kwenye sketi, kwenye mashati, ikatoka na kigauni cha kichanga, cheupe, kilichotariziwa bata wa njano kifuani. Bata alikuwa amevaa kofia, na kofia ilikuwa na ua dogo la kweli la kitambaa lililoshonewa. Kilikuwa kizuri kuliko kitu chochote alichowahi kukiokota kwenye rundo. Alikigeuza nyuma, akakagua vifungo, vyote vilikuwepo.

"Chukua, dada," mchuuzi alisema. "Hicho kimekusubiri wewe. Nakupunguzia."

Akakishikilia bado kidogo. Kisha akakikunja vizuri, mikono ndani, bata juu, akakirudisha juu ya rundo mahali ambapo mwingine angekiona.

"Hapana," akasema. "Sina mtoto."

Akasogea upande wa viatu. Akachagua jozi moja ya ngozi nyekundu yenye visigino na mabizimu ya nyota, akavaa kimoja, akatembea hatua chache juu ya turubai. Mchuuzi akamsifu. Akavua, akavaa kingine, akasimama akitazama mguu wake kama wa mtu asiyemfahamu.